Kile Ambacho Gemu Inakihesabu: Tabia za Mchezaji kutoka Morrowind hadi Skyrim

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi mliotuletea vijana, na ninyi vijana wenyewe mnaojifunza kutengeneza gemu, wa Mtwara mjini na Mikindani, pamoja na mliodamka alfajiri kupanda mabasi ya kutoka Masasi, Newala na Lindi, nawasalimu nyote.

Walioandaa siku hii waliniomba nizungumze juu ya michezo ya kompyuta, wakaniachia nichague upande wowote, mradi nisizungumzie mpira. Sababu yao naielewa. Katika vibanda vyetu vya gemu, kuanzia Chikongola hadi Magomeni, mpira ndio unaolipia umeme, kwa kuwa mechi moja huisha kwa dakika chache, mwenye kibanda akapokea hela yake na kumkaribisha mwingine. Gemu nitakazozizungumzia haziwezi kuishi kibandani. Zinataka saa nyingi, zinataka laptop ya mtu mwenyewe, na zinataka mchezaji arudi kesho kwenye safari aliyoianza juzi. Ni gemu za kuigiza uhusika katika nchi za kubuni zenye wachawi, majoka na mapango, ambamo mchezaji humuumba mtu wake, humpa jina, na humkuza kidogo kidogo mpaka awe shujaa au mwizi, kadiri atakavyopenda.

Jambo ninalotaka kulitetea mbele yenu ni moja. Mchezaji anapotoka gemu moja kwenda nyingine ndani ya mfululizo uleule, tabia zake hubadilika kwa sababu kile kinachohesabiwa na gemu kimebadilika. Na mara nyingine kanuni anayoifuata hubaki karibu vilevile ilivyokuwa, lakini kanuni ya jirani yake ikabadilishwa, na tabia ikageuka juu chini. Hili la pili ndilo ambalo watengenezaji hulisahau, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Mfano wangu ni mfululizo wa The Elder Scrolls, uliotengenezwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Arena ilitoka mwaka 1994, Daggerfall mwaka 1996, Morrowind mwaka 2002, Oblivion mwaka 2006, na Skyrim tarehe 11 Novemba 2011. Zote zinatokea katika bara moja la kubuni liitwalo Tamriel, na kuanzia Daggerfall zote zimeshika msingi mmoja, kwamba stadi hukua kwa kutumiwa. Ukipiga kwa upanga, stadi ya upanga inapanda. Ukinyata gizani bila kuonekana, stadi ya kunyata inapanda. Mtu angetarajia basi kwamba aliyeizoea moja ameshazizoea zote. Haiko hivyo.

Wanaocheza bao wamenielewa tayari. Ubao ni uleule wenye mashimo 32, na kete ni zilezile 64. Katika bao la kujifunza kila shimo linaanza na kete 2, hakuna kete iliyobaki mkononi, na mchezo unaanza papo hapo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, ana nyumba yenye kete 6 ya kuilinda, na hana budi kupita kwenye namua, akiingiza kete moja moja, kabla ya kufika mtaji, yaani hatua ya pili, kete zote zikiwa zimeshaingia ubaoni. Aliyezoea bao la kujifunza akikalishwa mbele ya mzee wa Mikindani huhesabu vizuri tu, na mkono wake una kasi, lakini anafungwa, kwa sababu anatafuta mizunguko mirefu wakati mwenzake anailinda nyumba na kupima kete zilizobaki mkononi.

Sasa tuingie Tamriel, na nianze na njia. Katika Morrowind unashushwa melini ukiwa mfungwa, katika kijiji cha pwani kiitwacho Seyda Neen, unapewa kifurushi, na unaambiwa ukipeleke kwa mtu mmoja, Caius Cosades, katika mji wa Balmora. Basi. Hakuna mshale wa kukuongoza kwake, wala dira yenye alama inayokuita. Maelekezo yako kwenye maandishi: ukifika Balmora, ulizia habari zake katika kilabu kimoja cha mjini humo. Baadaye utatumwa makaburini na mapangoni kwa maneno ya namna hii: fuata barabara mpaka darajani, vuka, shika mkono wa kushoto, ukikuta nguzo ujue umeshapita. Na maelekezo hayo, kwa kuwa yaliandikwa na binadamu, mara nyingine yana makosa.

Mchezaji aliyelelewa na gemu hiyo husoma. Hurudi kwenye shajara yake, husimama njia panda kusoma vibao, huwauliza wenyeji, na zaidi ya yote hupanga namna ya kurudi. Usafiri upo, lakini una vituo: kuna wadudu wakubwa mno wanaobeba abiria kutoka mji hadi mji, kuna mashua, na kuna wachawi wa Mages Guild wanaokuhamisha kutoka tawi moja la chama chao hadi jingine. Kuna pia uganga uitwao Mark, unaoweka alama mahali uliposimama, na mwenzake Recall, unaokurudisha pale pale. Mzoefu haingii pango la mbali kabla hajaamua ataiacha wapi Mark yake, kwa maana anayo moja tu, na akiiweka pengine ile ya kwanza inafutika. Uamuzi mdogo namna hiyo, unaorudiwa kila siku, ndio unaomfundisha mtu kufikiria safari nzima kabla ya hatua ya kwanza.

Karibu na Seyda Neen kuna jambo ambalo ningependa kila anayejifunza kutengeneza gemu alione. Unatembea zako barabarani, unasikia mtu anapiga kelele, unainua macho, na mchawi mmoja anaanguka kutoka angani na kufa mbele ya miguu yako. Anaitwa Tarhiel. Mwilini mwake unakuta hati 3, na kila hati huongeza stadi ya kuruka kwa pointi 1000 kwa sekunde 7. Mchezaji anasoma hati ya kwanza, anaruka, miti inakuwa midogo, milima inapita chini yake, anafurahi kupita kiasi. Kisha sekunde 7 zinakwisha akiwa bado angani, na anatua vilevile alivyotua Tarhiel. Akirudia, anasoma hati ya pili kabla hajagusa ardhi. Hakuna kisanduku cha maelezo kilichotokea kwenye skrini kumfundisha. Gemu ilimpa kamba yote, ikamwachia maiti ya aliyetangulia kuwa onyo, na kuanzia hapo, kila uganga anaoupata, anauliza utaisha lini.

Oblivion ilipokuja mwaka 2006, dira ikawekwa chini ya skrini ikiwa na alama ya mahali unapotakiwa kwenda, na ramani ikaruhusu safari ya mkato: bonyeza mji unaoujua, na umefika. Macho ya mchezaji yakashuka kutoka mandhari hadi kwenye dira. Wapo wanaosema kwamba wachezaji walikuwa wavivu. Mimi sikubaliani nao. Katika Morrowind sehemu kubwa ya mazungumzo ni maandishi, na kuongeza sentensi mbili za maelekezo ni kazi ya dakika moja. Katika Oblivion kila mhusika anasema kwa sauti iliyorekodiwa, na kila sentensi inataka mwigizaji, studio na nafasi kwenye diski. Sentensi zikafupishwa. Mhusika anakwambia uende ukalete kitu fulani, lakini njia haisemi, kwa sababu alama imeshaisema. Mchezaji akijitia ushujaa wa kutoifuata alama, anabaki bila mwongozo wowote. Asiyeuliza njia hapo ni mtu aliyeona kwamba akiuliza hajibiwi.

Wala msidhani kwamba historia hii ni ya kuteremka tu kutoka ugumu kwenda urahisi. Safari ya kubonyeza ramani ilikuwepo katika Daggerfall, miaka 10 kabla ya Oblivion, kwa sababu nchi yake ni kubwa mno, ina maelfu ya miji na vijiji, na hakuna ambaye angeweza kuizunguka kwa miguu. Morrowind ndiyo iliyoiondoa, kwa kuwa kisiwa chake kilikuwa kidogo kiasi cha kutembeleka.

Nije sasa kwenye kupanda ngazi, ambako ndiko kwenye utamu wa jambo hili. Morrowind ina stadi 27. Unapoumba mtu wako unachagua 10 zilizo zako, na kila stadi hizo zinapopanda mara 10 kwa jumla, unalala, unaamka, na unapanda ngazi. Ukiamka unaongeza sifa 3 za msingi kati ya 8, kama vile nguvu, uvumilivu au wepesi, na ukubwa wa nyongeza unategemea ulichokifanya tangu ngazi iliyopita: stadi zinazoihusu sifa hiyo zikiwa zimepanda mara 10, sifa inaongezeka kwa pointi 5, zikiwa hazikuguswa, unapata 1. Oblivion ilipunguza stadi zikawa 21, na zinazohesabiwa katika ngazi zikawa 7, lakini utaratibu wa kulala, kuchagua sifa 3 na kupata kati ya 1 na 5 ukabaki.

Kanuni ni ileile, na watu wake ni tofauti kabisa. Katika Morrowind, aliyepanda ngazi ovyo hakupoteza kitu cha kumliza. Sehemu kubwa ya maadui wa nchi ile wamewekwa walivyo. Jambazi wa pango fulani ni yule yule, ukimwendea leo atakuua, ukimwendea mwezi ujao utamuua wewe. Kupiga hesabu ili upate pointi 5 kila mara ilikuwa starehe ya wapenda ukamilifu. Katika Oblivion watengenezaji walibadilisha kitu kingine kabisa: waliifanya dunia nzima ipande pamoja nawe. Ukiwa ngazi za chini unakutana na mbwamwitu na majambazi waliovaa ngozi. Ukiwa ngazi za juu, jambazi wa barabarani amevaa deraya ya kioo yenye thamani ya maelfu ya dhahabu, na bado anakusimamisha akidai umpe vipande 100. Jambo hilo limechekwa sana, na linastahili kuchekwa. Lakini kwa mchezaji lilikuwa na maana nzito, kwamba aliyepanda ngazi kwa kuzungumza na wafanyabiashara na kuchuma dawa, bila kukuza nguvu zake, ameimarisha maadui zake bila kujiimarisha mwenyewe. Nyongeza ya pointi 5, iliyokuwa starehe, ikawa kinga.

Niliwahi kukaa pembeni ya kijana mmoja hapa Mtwara akicheza Oblivion. Kando ya laptop alikuwa na kaunta buku lililofunguliwa, amechora safu za nguvu, uvumilivu na kasi, na chini ya kila safu tiki za kalamu. Kwenye skrini mtu wake amesimama ufukweni mbele ya kaa mkubwa, ngao juu, na hapigi. Kaa anamgonga, anarudi nyuma, anamgonga tena. Kila stadi ya kukinga inapopanda, kijana anasimamisha mchezo, anaweka tiki kwenye safu ya uvumilivu, na kuendelea kugongwa. Mama yake alipita akamwuliza mbona haumalizi huo mchezo, na yeye akajibu kwa heshima zote kwamba bado tiki nne. Ukimtazama kwa haraka utasema anapigana vita. Ukitazama daftari utaona anafanya kazi ya mhasibu, na anaifanya kwa sababu gemu imeweka hesabu hiyo kwenye mlango wa mafanikio.

Wengine walichukua njia ya ajabu zaidi. Kwa kuwa stadi 7 tu ndizo zinazopandisha ngazi, walichagua kuwa zao zile ambazo hawakukusudia kuzitumia, ili ngazi iende kwa amri yao. Wengine waligoma kulala. Usipolala hupandi, na dunia inabaki dhaifu. Ushauri ulioenea ulikuwa uende mji wa Kvatch mapema, ukafunge lango la moto lililofunguka pale ukiwa bado ngazi ya chini, kabla ya waliomo kugeuka wagumu. Na wakati huohuo wapo waliochelewesha kazi makusudi kwa miezi, kwa sababu zawadi nyingi za Oblivion hupimwa kwa ngazi uliyokuwa nayo siku ulipozipokea, na upanga uliopewa ukiwa mdogo utabaki upanga wa mdogo. Kukimbilia kazi na kuikwepa kazi, tabia mbili zinazopingana, zote ni majibu sahihi kwa kanuni moja. Hapo ndipo ninapowaambia vijana wasiwe wepesi wa kusema kwamba wachezaji wanataka hiki au kile.

Skyrim ikafagia meza. Stadi zikawa 18, sifa za msingi zikaondolewa zikabaki afya, nguvu za uganga na pumzi, na kila stadi, yoyote ile, ikachangia ngazi. Madaftari yakafungwa. Hata barabara zilitulia: katika Morrowind na Oblivion kuruka kulikuwa stadi inayohesabiwa, kwa hiyo shujaa wa taifa alikuwa haendi sokoni kwa kutembea, alikwenda akirukaruka njia nzima, Skyrim ilipoifuta stadi hiyo, watu wakaanza kutembea kama watu.

Uhasibu haukufa, ulihamia kwa mhunzi. Katika mji wa Whiterun, ukipita tu lango kuu, kuna kiwanda cha kufua chuma. Jambia la chuma linataka kipande 1 cha chuma na ukanda 1 wa ngozi, na gemu ilipotoka, kufua jambia hilo kulipandisha stadi ya ufuaji sawa na kufua kitu cha thamani kubwa. Wachezaji wakasimama pale wakifua majambia, mamia kwa mamia, mpaka dunia yote ya Skyrim ingeweza kuchinja kuku kwa wakati mmoja. Bethesda ikarekebisha, ikafanya faida ya ufuaji ifuate thamani ya kilichofuliwa. Majambia yakakoma, pete zikaanza: upo uganga unaogeuza madini ya chuma kuwa fedha, na fedha kuwa dhahabu, na pete za dhahabu zina thamani. Marekebisho yalikuwa sahihi, nami ningeyafanya vilevile, lakini yaligusa kipimo tu, na mchezaji akahamia pale kipimo kilipohamia.

Tabia nyingine ya Skyrim inajulikana hata kwa wasiocheza, nayo ni ya kila mtu kuishia kuwa mpiga mishale wa gizani. Anaanza akiapa kuwa mchawi, baada ya saa kadhaa utamkuta amechuchumaa nyuma ya jiwe na upinde. Mshale uliopigwa bila kuonekana una madhara mara mbili, na kwa kipaji kimoja huwa mara tatu; aliyepigwa akinusurika anatafutatafuta kidogo, kisha anarudi kukaa mshale ukiwa bado kifuani. Hakuna njia nyingine inayolipa hivyo kwa hatari ndogo hivyo.

Mtu akihama gemu, tabia hizi huvuka mpaka pamoja naye, wala hazimtoki kwa siku moja. Aliyeanzia Skyrim akirudi Morrowind hufika kwa adui akikimbia, anapiga kwa jambia mara kumi, anaona jambia linapita kwenye mwili wa kaa, na hakuna kinachotokea. Atasema gemu ni mbovu. Katika Morrowind pigo linaamuliwa kwa hesabu ya stadi na pumzi, na kukimbia kumeshammalizia pumzi. Mzoefu hutembea hatua za mwisho. Naye mzoefu huyo akiingia Oblivion au Skyrim huhifadhi mchezo kabla ya kuzungumza na kila mzee wa mji, kwa sababu ametoka mahali ambapo ungeweza kumuua mtu yeyote, hata yule anayebeba hadithi yenyewe, na gemu ikakuambia kwamba uzi wa unabii umekatika. Katika Oblivion watu muhimu huzimia tu, wakaamka, wakajifuta vumbi.

Ni haki niseme kwamba si kila tabia inatoka ndani ya gemu. Wengi wenu hapa mnahifadhi mchezo kila baada ya dakika chache, na hilo halikufundishwa na Bethesda. Limefundishwa na umeme unaokatika na betri ya laptop iliyochoka. Mtengenezaji anayekusudia wachezaji wa kusini alijue hilo kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Mwezi Aprili 2025 ilitoka Oblivion iliyofanywa upya, na kwangu ni jaribio zuri kuliko yote niliyoyataja. Dunia ni ileile, Kvatch ni ileile, maadui bado wanapanda pamoja nawe. Utaratibu wa ngazi ndio uliobadilishwa: kila ngazi inakupa pointi 12 za kugawa katika sifa zisizozidi 3, bila kujali ulitumia stadi gani, na stadi zilizo nje ya zile 7 nazo zinachangia. Hakuna sababu tena ya kusimama mbele ya kaa. Wachache hapa wataweza kuipakua, maana inazidi GB 100 na bando letu tunalijua, lakini Arena na Daggerfall zilitolewa bure na Bethesda yenyewe, ya kwanza mwaka 2004 na ya pili mwaka 2009, na zinaenda hata kwenye laptop iliyopita mikono mitatu.

Kuanzia saa nane mchana tutakaa wawili wawili. Mmoja atacheza Daggerfall kwa nusu saa, mwenzake ataandika mikono inafanya nini, bila kumwuliza kwa nini. Kisha mtageukia gemu zenu wenyewe. Kundi la Mikindani nimeiona kazi yenu ya wavuvi, na michoro ya ngalawa imenipendeza; lakini kwa sasa gemu yenu inahesabu kilo za samaki peke yake, na kila niliyemwona akiicheza alikaa baharini mpaka dhoruba ikamzamisha, ilhali mlisema mnataka mchezaji ajifunze kusoma upepo. Anzeni kwa kuhesabu ngalawa iliyorudi salama, muone mikono itafanya nini.